Mwanakondoo na Mtoto Mchanga: Uhakiki wa Neno "Mfano" katika Sayansi ya Pumzi

1. Utangulizi

Imezoeleka katika kurasa za majarida kama hili kuhakiki mashairi, riwaya na tamthilia. Makala haya yanakusudia kuhakiki maandishi ya namna nyingine, yaani maandishi ya wanasayansi waliochunguza jinsi moyo na mapafu ya mtoto mchanga yanavyofanya kazi, na ambao walifanya uchunguzi huo kwa kutumia wanyama, hasa kondoo. Yamkini msomaji atauliza: mwalimu wa fasihi anatafuta nini katika zizi la daktari? Jibu letu ni kwamba kazi hizo zote zimejengwa juu ya tamathali moja ya usemi, nayo ni tashbihi. Mtafiti anaposema kwamba mwanakondoo ni mfano wa mtoto wa binadamu, anafanya lile lile afanyalo mshairi anapomfananisha mpenzi wake na mwezi. Tofauti iliyopo ni kwamba mshairi akikosea mfano, shairi huchujuka. Mtafiti akikosea mfano, mtoto hufa.

Iko na sababu ya pili, ambayo ni ya nyumbani. Mwandishi wa makala haya alizaliwa na kulelewa kijijini karibu na soko la Nyakoe, katika nchi ya Abagusii. Kabla ya kumzaa yeye, mama yake alijifungua mtoto mwingine katika mwezi wa saba wa mimba, kwenye zahanati moja ambayo si lazima kuitaja. Kwa maelezo ya mama, mtoto yule hakulia. Alitweta mara mbili tatu, kisha akatulia. Mkunga akasema, "Pole, mama. Huyu ni mfu," akamfunika kitambaa. Mama husimulia mpaka leo kwamba alipopewa kumshika, aliweka kidole kifuani pake na kuhisi enkoro, yaani moyo, ikigonga polepole. Aliposema hivyo, aliambiwa kwamba ni mkono wake mwenyewe uliokuwa ukitetemeka. Mtoto huyo hakupewa jina.

Hatudai kwamba mtoto yule angepona. Hakuna ajuaye. Tunachodai ni kwamba neno "mfu" lilitamkwa kabla ya ushahidi kutafutwa, na kwamba kuyahoji maneno yanayoutangulia ushahidi ni kazi halali ya mhakiki. Ni ng'ambo, tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili, ndiko tulikokutana kwa mara ya kwanza na kitabu cha Geoffrey Dawes cha mwaka 1968 kuhusu fiziolojia ya kijusi na ya mtoto mchanga. Tulikifungua kwa udadisi tu, katika maktaba ambamo tulikuwa tumekwenda kutafuta vitabu vya nadharia ya fasihi. Tulipokifunga tulikuwa na maswali matatu, nayo ndiyo yanayoongoza makala haya. Kwanza, neno "mfano" lina maana gani linapotumiwa juu ya mnyama wa maabara? Pili, mfano huo unashika wapi, na unakatika wapi? Tatu, Kiswahili kinayabebaje maarifa haya yanapotoka maabarani na kufika kwenye kitanda cha mama anayejifungua?

2. Kisa cha Wanakondoo

Ili tuweze kuhakiki, yatupasa kwanza kueleza. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu yake. Mapafu hayo yamejaa maji, na oksijeni humfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kwa kuwa mapafu hayana kazi ya kumpa hewa, damu nyingi huyapita kando kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni tundu lililo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Ya pili ni mshipa mfupi unaounganisha mshipa mkuu wa mapafu na aota, ambao ndio mshipa mkuu wa mwili. Waendeshaji magari wa siku hizi wangeiita barabara ya mchepuko, na kwa hakika sisi tunalipendekeza neno "mchepuko" liwe istilahi. Mtoto anapovuta pumzi ya kwanza, maji huondoka katika mapafu, hewa huingia, mishipa ya mapafu iliyokuwa imebana hufunguka, na damu inayopita humo huongezeka mara nyingi. Tundu la moyoni hujifunga kama mlango uliosukumwa kutoka upande wa pili, na baada ya saa na siku chache mchepuko nao hujibana. Hayo yote huanza katika dakika chache. Hapana safari nyingine katika maisha ya mwanadamu iliyo fupi na yenye hatari kama hii.

Kuwepo kwa njia hizi kulijulikana zamani. William Harvey alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1628. Lakini kujua njia ilipo si kujua namna inavyofanya kazi. Kwa hilo ilihitajika kupima damu na moyo wa kiumbe kilicho hai, na hakuna aliyethubutu kumpima hivyo mtoto wa binadamu. Ndipo alipoingia kondoo. Joseph Barcroft wa Cambridge aliwachunguza wanakondoo walio bado tumboni, na mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alichapisha utafiti wake juu ya maisha ya kabla ya kuzaliwa. Katika fani hii kijusi, kwa uchache wa oksijeni iliyo katika damu yake, kimezoewa kulinganishwa na mtu aliyesimama kilele cha Everest, na ulinganisho huo huhusishwa na Barcroft. Baada yake Dawes, aliyeiongoza Taasisi ya Nuffield huko Oxford kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 1953, kwa kutumia wanakondoo, kwamba ni kule kujaa hewa kwa mapafu ndiko kunakofungua mishipa yake.

Kisa cha tatu ni cha Graham Liggins wa Auckland, New Zealand. Katika miaka ya 1960 Liggins alikuwa akitafuta ni nini kinachoanzisha uchungu wa uzazi, maana alitaka kuzuia watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Aliwapa wanakondoo walio tumboni homoni za jamii ya kotisoli, na kondoo wale wakazaa mapema. Mmoja wa wanakondoo hao alizaliwa mapema mno, kiasi kwamba mapafu yake hayakupasa kuweza kupokea hewa. Hata hivyo alikuwa akipumua. Liggins alitambua kuwa dawa ilikuwa imeyakomaza mapafu. Aliandika habari hiyo mwaka 1969, na mwaka 1972, yeye na Ross Howie walichapisha matokeo ya jaribio la akina mama 282, yaliyoonyesha kwamba mama akidungwa dawa ya namna hiyo kabla ya kujifungua mapema, mtoto hupata nafuu kubwa ya kupumua.

Kilichokomazwa ni nini? Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wameonyesha kwamba watoto wanaokufa kwa ugonjwa wa mapafu machanga wamepungukiwa na utando fulani unaofanya kazi kama sabuni. Chukua majani mawili mabichi ya mgomba yaliyolowa, uyabandike pamoja, kisha ujaribu kuyatenganisha: utaona yanavyong'ang'aniana. Ndivyo vifuko vya hewa vya mapafu vinavyong'ang'aniana pasipo utando huo. Wataalamu huuita safaktanti.

3. Mfano kama Tashbihi

Sasa turejee kwenye taaluma yetu. Tashbihi ina nguzo nne: kinachofananishwa, kinachofananishiwa, neno la kuunganisha, na sifa inayovikutanisha viwili hivyo. Tukisema "Nyaboke ni mwepesi kama swala", sifa inayokutanisha ni wepesi. Hakuna msikilizaji atakayedhani Nyaboke ana pembe. Msikilizaji hodari wa tashbihi anajua papo hapo nini cha kuchukua na nini cha kuacha.

Mtafiti naye anapaswa kuwa msikilizaji wa namna hiyo. Kati ya mwanakondoo na mtoto sifa za kukutanisha si haba. Kondoo aghalabu huzaa mmoja au wawili. Uzito wa mwanakondoo anapozaliwa unakaribia ule wa mtoto, na kwa hiyo vyombo vinavyoweza kumpima mmoja vinaweza kumpima mwingine. Moyo wa kila mmoja una lile tundu na ule mchepuko. Lakini ya kuacha nayo ni mengi. Mimba ya kondoo ni ya miezi mitano hivi. Mwanakondoo husimama kwa miguu yake katika saa ya kwanza, ilhali mtoto wetu hubebwa mgongoni mwaka mzima na zaidi. Kondo la nyuma la kondoo limegawanyika katika vifundo vingi, na la binadamu ni moja.

Kisa cha Liggins kinaonyesha jambo hili kwa namna ya ajabu. Alichokitafuta kwa kondoo kilikuwa ni siri ya uchungu wa uzazi. Aliipata: kwa kondoo, homoni ya kijusi chenyewe ndiyo inayouanzisha. Kwa binadamu, mambo hayakuwa hivyo. Tashbihi ilikatika pale pale alipoitarajia. Ilishika mahali ambapo hakuwa akitazama, katika mapafu. Mhakiki wa ushairi hatashangaa kusikia hayo, kwani anajua kwamba taswira nzuri mara nyingi humpeleka mshairi asikokusudia. Lakini anajua pia kwamba hilo hugunduliwa na msomaji makini tu. Liggins aliweza kumtupa mwanakondoo yule kama jaribio lililoharibika. Badala yake alimsoma.

Hapa linazuka suala la istilahi. Wako wanaotumia neno "modeli". Wako wapendao "kielelezo", na wengine "kigezo". Sisi tunayakataa yote matatu kwa shughuli hii. "Modeli" halisemi lolote kwa mtu wa Nyakoe ila kwamba jambo hili ni la wasomi. "Kielelezo" hudai kwamba kitu kimekwisha kuelezwa, na kumbe ndicho kinachotafutwa. "Kigezo" ni kibaya zaidi, kwa maana kigezo ni kile ambacho vingine hukatwa kwa kukifuata, na mtoto hakukatwa kwa kumfuata kondoo. Neno "mfano", kwa upande mwingine, halifichi udhaifu wake. Kila Mswahili anajua kwamba mfano si kitu chenyewe. Wachonga mawe wetu wa Tabaka huchonga mama na mtoto wakafanana na mama na mtoto, wala hakuna ajaribuye kuwalisha. Aidha, katika sarufi yetu kitenzi "kufanana" kina umbo la kutendana: mmoja hawezi kufanana peke yake. Kwa hiyo anayesema "mwanakondoo ni mfano wa mtoto" amejifunga kuwajibika kwa pande zote mbili, upande wa mtoto na upande wa mwanakondoo. Tutarudi kwa jambo hilo.

4. Mahali Mfano Unapokatika

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya nchi za baridi, na kwamba hayatuhusu. Wanakosea. Mfano wa Liggins ulisafiri mpaka kwetu, na kilichotokea kinastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa tafsiri.

Baada ya mwaka 1972 majaribio mengi katika hospitali zenye vifaa yalithibitisha manufaa ya dawa ile. Likabaki swali la vijijini. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika jamii za Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia. Wahudumu walifundishwa kumtambua mama aliye katika hatari ya kuzaa mapema na kumdunga dawa. Ilitarajiwa kuwa vifo vingepungua. Kwa watoto wadogo kabisa vifo havikupungua kwa kiasi cha kutajika. Kwa watoto wote kwa jumla viliongezeka: 27.4 katika kila watoto elfu waliozaliwa hai mahali dawa ilipoenezwa, na 23.9 mahali isipoenezwa. Dalili za maambukizo kwa akina mama nazo zilizidi.

Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya jaribio jingine lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Wanawake 2,852 walishiriki. Safari hii watoto waliokufa walikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na asilimia 23.5 kwa wasioipata. Nafuu ilikuwa dhahiri, hata jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

Ni dawa za jamii moja, na katika nchi mbili au tatu zile zile, tena miaka mitano tu baadaye. Basi tofauti ilitoka wapi? Wataalamu wameijadili kwa kirefu, na hatudai kuwa tunayo neno la mwisho. Lakini moja ya sababu zinazotajwa ina uzito wa pekee kwa mhakiki wa tashbihi. Katika jaribio la 2020 umri wa mimba ulipimwa kwa mashine ya kupigia picha tumbo, na hospitali zilikuwa na uwezo fulani wa kumtunza mtoto aliyezaliwa mapema. Katika lile la 2015 umri wa mimba mara nyingi ulikisiwa, na wengi kati ya waliodungwa walikuja kujifungua watoto wasio na haja ya dawa hiyo.

Sasa tumkumbuke kondoo wa maabara. Siku aliyopandwa na dume iliandikwa kitabuni. Mtafiti alijua ana mimba ya siku ngapi. Alikuwa na oksijeni, joto na wasaidizi. Hayo yote hayakutajwa katika tashbihi kwa sababu yalichukuliwa kuwa ni mambo ya kawaida. Yalikuwa ni mandhari tu. Kumbe mandhari hiyo ilikuwa sehemu ya maana. Mfano ulipoletwa vijijini, alikuja mwanakondoo bila kitabu chake cha tarehe. Ukweli unaouma ni huu: kalenda ya kondoo yule ilijulikana vizuri kuliko kalenda ya mama wengi wa vijijini kwetu, ambao hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imekwisha kukua, na ambao hawajawahi kuiona mashine ya kupimia umri wake.

Mfasiri yeyote mwenye uzoefu anajua kosa hili. Ni kosa la kufasiri neno na kuacha muktadha. Wako wasomi wetu wanaodhani kwamba sayansi, tofauti na ushairi, husafiri bila muktadha. Matokeo ya mwaka 2015 ni hoja yetu dhidi yao.

5. Mwanakondoo na Lugha ya Kafara

Tulisema kwamba mfanano hutuwajibisha pande zote mbili. Upande wa mwanakondoo umeandikwaje?

Katika maandishi ya Kiingereza ya fani hii, mnyama aliyeuawa mwisho wa jaribio huelezwa mara nyingi kwa kitenzi chenye maana ya kutolewa kafara. Na takriban kila kitenzi ni cha kutendwa: kondoo alipasuliwa, kitovu kilifungwa, moyo ulipimwa. Mtendaji hayumo. Mtindo huu una faida zake, lakini pia huficha mkono ulioshika kisu.

Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuufuata kwa upofu. Neno "mwanakondoo" masikioni mwa Mswahili Mkristo limejaa mwangwi wa madhabahu. Ukisema mwanakondoo "alitolewa kafara" ili mtoto apumue, umeandika mahubiri bila kukusudia. Na Kiswahili kinapambanua kwa makini: kuchinja ni kwa ajili ya nyama, na kuna namna yake, sadaka hutolewa kwa moyo, kafara hutolewa kuondoa balaa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanyika maabarani. Tunapendekeza kitenzi kisicho na mapambo, "kuua", na kwamba mtendaji atajwe: "tulimuua kondoo". Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inatambua kwamba majaribio juu ya wanyama ni jambo la kuwekewa masharti. Lugha nayo isilifanye kuwa jambo lisilo na mwenyewe.

Hatusemi kwamba majaribio yale hayakupasa kufanywa. Watoto wengi wanapumua leo kwa sababu yake. Tena mnyama hakuishia kuwa mfano. Amekuwa dawa yenyewe. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani na wenzake waliwatibu watoto kumi kwa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, na baadaye zikaja zile zinazotokana na mapafu ya nguruwe. Katika nchi ya Abagusii, ambamo Waadventista ni wengi na hawali nguruwe, je, mama ataelezwa kwa maneno gani dawa anayopewa mtoto wake imetoka wapi? Pengine ataikubali, pengine atakuwa na maswali. Lakini haki ya kuambiwa anayo, na maneno ya kumwambia yapo.

6. Neno "Mfu"

Tumefika kwenye neno tulilolianza. Katika miaka ya 1960 Dawes na wenzake waliwachunguza watoto wa nyani wa jamii ya resasi waliozuiwa kuvuta hewa walipozaliwa. Waliona mpangilio ambao baadaye ulifundishwa duniani kote. Kwanza mnyama huhangaika kupumua, kisha huacha. Huo ni unyamavu wa kwanza. Halafu huanza kutweta, kwa vipindi, na kila kutweta ni dhaifu kuliko kulikotangulia. Kisha huacha tena, na huo ni unyamavu wa mwisho. Lakini hata baada ya kutweta kwa mwisho, moyo huendelea kupiga kwa dakika kadhaa. Akisukumiwa hewa mapafuni katika muda huo, moyo ndio unaoitika kwanza kwa kuongeza mapigo, na pumzi hufuata baadaye.

Msomaji aliyekumbuka mtoto wa Nyakoe, aliyetweta mara mbili tatu kisha akatulia, atafahamu kwa nini tulikifunga kitabu kile na kukaa kimya.

Lugha yetu inafanya pumzi na uhai kuwa kitu kimoja. Tunasema mtu "amekata roho", na roho ni pumzi na ni nafsi pia. Ekegusii kinafanya vivyo hivyo: omoika ni pumzi, na ni neno lile lile linalotumika kumtaja Roho Mtakatifu. Na kwa mtoto mchanga tumeongeza kipimo kingine, kilio. "Alilia?" ndilo swali la kwanza la jamaa walio nje ya mlango. Asiyelia wala kupumua huhesabiwa kuwa hakuja. Busara hiyo ni ya kale, na kwa watu wazima mara nyingi inatosha. Kwa mtoto aliyezaliwa dakika hii haitoshi, kwa sababu kwake moyo na pumzi havikomi pamoja.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali nane za Tanzania, ambako wakunga walifundishwa kumkausha mtoto, kumchangamsha, na kumsukumia hewa kwa mfuko na barakoa katika dakika ya kwanza asipopumua. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Linalotuhusu zaidi ni kwamba idadi ya wale walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu muda huo huo nayo ilipungua, kwa asilimia 24. Wafu hawafufuliwi kwa mfuko wa hewa. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba baadhi ya walioandikwa wafu hapo kwanza hawakuwa wafu.

Tuitazame sarufi. "Mfu" ni nomino, na nomino hutaja hali iliyokwisha kukamilika. Haina wakati wala haina kukanushika. "Asiyepumua" ni kitenzi. Kina kikanushi, na kila kilichokanushwa chaweza kuyakinishwa: asiyepumua sasa huenda akapumua punde. Nomino huita kitambaa cha kufunikia. Kitenzi huita mkono wa kusaidia. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika mafunzo ya ukunga na katika madaftari ya wodi, neno "mfu" lisitumike hata kidogo kabla ya moyo kusikilizwa na hewa kusukumwa. Mpaka hapo, mtoto aitwe "asiyepumua". Hali kadhalika tunaliuliza neno "njiti", linalotumika sana Tanzania kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Lina upole, na limesaidia jamii kuwataja watoto hao bila aibu. Lakini njiti ya kiberiti huwaka mara moja ikazimika, na sitiari hiyo tusiiache ituambie matumaini yetu yafike wapi.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mnyama wa maabara ni tashbihi, na kwamba tashbihi ina masharti. Tumeona kwamba mfano wa Liggins ulishika katika mapafu na ukakatika katika uchungu wa uzazi. Kwamba ulipopelekwa vijijini bila muktadha wake ulileta hasara. Na kwamba uliporudishiwa baadhi ya muktadha huo ulileta nafuu. Tumependekeza "mfano" badala ya "modeli", "mchepuko" kwa mshipa ule mfupi, "kuua" badala ya kafara, na "asiyepumua" mahali ambapo "mfu" limekuwa likitangulia. Wenzetu wa istilahi wanaweza kuyapinga mapendekezo haya, na tungefurahi wakiyapinga kwa hoja katika kurasa hizi hizi. Lisilofaa ni kuyaacha maneno haya yachaguliwe na uchovu wa saa nane za usiku katika wodi isiyo na watu wa kutosha.

Tulipokwenda nyumbani Nyakoe likizo iliyopita tulimweleza mama habari za Dawes, kwa Ekegusii, kadiri tulivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga. Kisha akauliza jambo moja tu: je, kumbe mkono wake haukuwa ukitetemeka? Tulimjibu kwamba hatujui, lakini kwamba sayansi inakubali kuwa kile alichosema alikihisi kinaweza kuwako. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba mtu angalimwambia maneno hayo siku ile.

Kwa wale wanaofundisha lugha katika vyuo vya wauguzi, hili ndilo ombi letu: mfundisheni mkunga kumjibu mama anaposema moyo unapiga. Amjibu kwa kuusikiliza.